Bukari (ugali) ya mahindi: chakula cha mababu, au tulipewa na kampuni ya shaba, Union Minière?

Mwana_Katuba

Jambo wakubwa na wadogo. Niko mwaka wa mwisho wa historia hapa Lubumbashi na natafuta mada ya memwari, ile tasnifu ya kumalizia. Nilimpelekea promota wangu, profesa anayenisimamia, pendekezo la kuandika jinsi ukoloni ulivyobadilisha chungu cha Élisabethville, yaani Lubumbashi ya enzi ya Wabelgiji, tangu reli ilipofika 1910 hadi uhuru. Alisoma ukurasa mmoja, akaniuliza: «Na siasa iko wapi?» Kwake yeye, historia ya dola ni magavana, sheria na migomo. Kula ni mambo ya jikoni.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye ubishi wa mahari. Walileta wali, baba mukubwa akaisukuma sahani, akasema sisi ni watu wa bukari ya mahindi meupe tangu enzi za mababu, wali ni wa wageni. Shemeji yake, mtu wa Kasai, akamjibu kwamba bukari isiyo na unga wa muhogo ndani si bukari. Wakagombana hadi soda zikapata moto.

Nina maswali matatu. Haya mahindi meupe yalitoka wapi hasa? Je, chakula kinaweza kuwa ushahidi wa utawala, au promota ana haki? Na watu waliopika hawakuandika, sasa nitasoma nini?

---

Kipushi_Boy

Andika juu ya kobalti, ndugu. Utapata kazi.

---

Jungu_Kuu

Mdogo wangu, swali la promota wako si baya. Ni jibu lako ndilo bado bichi. Mwambie siasa iko ndani ya gunia la unga, kisha umwoneshe.

Nimefundisha historia miaka mingi, na wanafunzi wanaonijia na mada ya chakula huniletea kitu kilekile: zamani tulikula hiki, Mzungu akaja, sasa tunakula kile. Hiyo ni menyu. Uliza nani alilima, nani alinunua, nani alisafirisha, nani alipima, nani alipika, na kila hatua nani alibaki na faida mkononi.

Tuanze na baba mukubwa wako. Mahindi na muhogo vyote asili yake ni Amerika, na viliingia Afrika ya Kati kupitia Wareno wa pwani ya Atlantiki, muda mrefu kabla ya Léopold II kuzaliwa. Msafara wa Mreno Lacerda ulipotoka Tete ukafika kwa mfalme Mwata Kazembe, Luapula, mwaka 1798, muhogo ulikuwa tayari chakula cha watu wa pale. Kwa hiyo mababu waliyajua mahindi. Ila katika sehemu nyingi za kusini mwa Katanga yalikuwa zao la kando ya nyumba, la kuchoma na kuchemsha yakiwa mabichi. Kilichosimama katikati ya mlo kilikuwa mtama na ulezi. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wababemba, ulezi uliendelea kuwa chakula kikuu hadi miaka ya 1930. Swali lako basi lisiwe «yalifika lini». Uliza lini na kwa nguvu gani yalihama kutoka kando ya nyumba yakakalia chungu kizima.

Jibu liko kwenye reli. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Treni kutoka kusini, kupitia Sakania, ilifika Élisabethville 1910, na tanuri la Lubumbashi likawaka 1911. Kulizunguka tanuri hilo hapakuwa na wakulima wa kutosha kulisha maelfu ya watu waliokusanywa ghafla. Walowezi wa Rhodesia, waliokuwa na mashamba kando ya reli hiyohiyo, walikuwa na mahindi wanayotafutia soko. Njia iliyopandisha makaa ya mawe ya Wankie ikapandisha na unga.

Na kwa nini mweupe? Watu wetu hupenda kusema ni ladha, tuko hivyo. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanunuzi wa London walilipa zaidi kwa mahindi meupe, kwa kuwa viwanda vya wanga vya Uingereza viliyataka. Walowezi wakashika mbegu nyeupe, kama Hickory King iliyotoka Marekani, wakapigana na kuchanganya rangi ili mzigo wao usishushwe daraja bandarini. Mwaka 1960 Rhodesia Kusini wakatoa mbegu chotara SR52, nyeupe pia, ikaenea ukanda mzima. Kwa hiyo baba mukubwa anaposukuma sahani ya wali kwa heshima ya mababu, ndani ya heshima hiyo kuna mhasibu wa kiwanda cha wanga. Usimwambie hivyo siku ya mahari.

Sasa siasa anayoitafuta promota. Sheria ya koloni ilimlazimisha mwajiri kumlisha mfanyakazi au kumlipa fedha ya posho. Union Minière iliona faida kulisha. Katika miaka ya mwanzo watu walikimbia, waliugua, walikufa. Homa ya 1918 ilipita humo kambini pia. Kuleta mtu mpya kutoka mbali kulikuwa ghali. Kuanzia 1928 kampuni ikageuza mpango: mkataba wa miaka mitatu, mke aje, watoto wazaliwe kambini. Daktari Léopold Mottoulle ndiye jina utakalokutana nalo kila karatasi. Chakula kikahesabiwa kwa kalori kama makaa ya tanuri, kiasi gani kinaingia ili kiasi gani cha kazi kitoke. Posho ikamfikia mke na mtoto. Watoto wadogo wakapimwa uzito na kupewa maziwa na uji chini ya macho ya watawa na wauguzi, mama wakihimizwa kuwaachisha watoto kunyonya mapema kuliko desturi zao. Ona kampuni imefika wapi: iko kati ya mume na chungu, na kati ya mama na mtoto wake. Gavana gani aliwahi kuingia ndani kiasi hicho?

Mwaka huohuo wa 1928 reli ya BCK ikaunganisha Bukama na Port-Francqui, Ilebo ya leo. Mahindi ya Lomami na Kasai yakaanza kushuka kuja migodini. Mkulima wa kule hakuwa mtu huru wa soko. Tangu amri ya 1917, msimamizi wa utawala aliweza kumlazimisha alime zao fulani, eneo fulani, na asipolima kuna faini au jela. Kwa hiyo bukari moja ya Élisabethville ilikuwa na watu wawili wasiojuana: mmoja anayechimba shaba kwa sababu ya kodi, mwingine anayelima mahindi kwa sababu ya amri.

Na ukitaka mgomo, huo hapo. Wakati wa vita bei zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wakaacha kazi. Tarehe 9 wakakusanyika uwanja wa mpira hapa Élisabethville, askari wakafyatua risasi, makumi ya watu wakauawa. Sura hiyo imeandikwa sana. Wewe ingia kwa mlango wa nyuma: gunia lilikuwa bei gani mwaka ule, na mshahara wa mwezi ulinunua nini sokoni?

Baadaye ikaja enzi ya évolué, Mwafrika aliyehesabiwa «ameendelea». Kadi ya sifa ya kiraia 1948, kisha immatriculation, kuandikishwa chini ya sheria za Wazungu, 1952. Wakaguzi walifika nyumbani kuona kama familia inakaa mezani, kama kuna uma na kisu, kama mke anakula pamoja na mume. Fikiria mtu mzima, karani, anapewa alama kwa namna anavyoshika kijiko! Promota akisema hiyo si siasa, basi sijui siasa ni nini.

Vyanzo nitavisema baadaye, mvua imeanza na umeme hauaminiki.

---

Mama_wa_Kenya

Mwanangu, miye nilizaliwa mu kambi ya Union Minière. Baba alikuwaka anatumika ku fonderi. Hayo makalori mukubwa anasema, miye sikuyaonaka. Miye nilionaka mama.

Siku ya posho bamama walikuwaka banapanga mulolongo na mifuko na bidon ya mafuta. Muluba, Mubemba, Munyarwanda, kila mutu na luga yake, lakini bunga ya bote moja. Ile bunga ya posho peke yake baba hakuipendaka, alisema inamukauka mu shingo. Basi mama alikuwaka anatoka asubuhi ku lupango, kuna mama wa Kilamba anapita na muhogo kavu. Hawakuongea luga moja, bale. Mama anamupatia kopo ya mafuta ya posho, yule anamupatia muhogo. Chef wa kambi alikatazaka kuuzisha posho. Sasa ile haikuwa kuuzisha, ilikuwa kubadirisha, mama alisemaka hivyo na macho makavu kabisa.

Sombe, majani ya muhogo, tulitwangaka sisi batoto banamuke. Munkoyo ya kunywa mama alitengenezaka na mizizi ya pori, alijifunzaka kwa bajirani Babemba, juu kwao Kasai sikuisikiaka. Na mahindi ya munkoyo? Ya posho, yale yale.

Bamasela, bale batawa, walitupima uzito kila mara. Mutoto akipungua, mama anagombezwa mbele ya bengine. Mama yangu alichukiaka ile haya kuliko njaa. Usiku mbele ya kupimwa alitupatiaka bukari mingi, asubuhi tena, tunaenda tunatembea kama bata.

Gunia lilikuwa la kampani. Vile bukari ilitoka mu chungu, ile mama alijuaka.

---

Kadutu_Juu

Nasoma kutoka Bukavu na ninacheka kidogo. Ninyi wa Katanga mnadhani dunia ilianza na Union Minière. Huku kwetu tuna ugali wa muhogo, maharage, ndizi, kasiksi yaani pombe ya ndizi, na sambaza wa ziwa letu. Hakuna kampuni iliyotufundisha kula. Tena namna Jungu_Kuu anavyoeleza, ni kana kwamba Mwafrika alikaa tu akisubiri gunia. Historia ya chakula ya namna hii inampa mkoloni ukubwa asiokuwa nao. Bibi yangu alichagua alichokula.

---

Jungu_Kuu

Kadutu_Juu, karibu, na umepiga mahali panapouma. Kwanza sambaza wako. Samaki yule hakuwemo Kivu. Alitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Ziwa Kivu mwishoni kabisa mwa miaka ya 1950, kazi ya wataalamu wa samaki wa koloni, ili ziwa lizae zaidi. Bibi yako alipokuwa msichana hakumjua. Na maharage nayo asili yake ni Amerika, kama muhogo wako. Sikunyang'anyi kitu hapo. Nani leo atasema sambaza si wa Bukavu? Uvuvi ule wa usiku na taa, akina mama wa ufukweni, yote yamekuwa yenu.

La pili unalosema ni zito, na Mama_wa_Kenya amelijibu vizuri kuliko mimi. Soma tena pale anapobadilisha mafuta kwa muhogo. Kampuni iliandika daftarini: mke wa fulani, unga kiasi fulani, mafuta kiasi fulani, kalori zimetimia. Daftari linaishia hapo. Yaliyotokea baada ya mlango wa kambi hayamo: mafuta yakawa muhogo, mahindi yakawa munkoyo, mapishi ya Wababemba yakaingia kwa mtu wa Kasai. Mtafiti anayesoma daftari peke yake ataandika kwamba Union Minière ilibadilisha mlo wa watu, na atakuwa ameiamini Union Minière kama ilivyojiamini yenyewe. Mtafiti anayemsikiliza mama peke yake hatajua kwa nini gunia lilikuwa lilelile kwa watu wa makabila yote. Vinatakiwa viwili.

Nitakupa mfano ninaoupenda zaidi ya mahindi, na hapa Mwana_Katuba uamke. Samaki wa Luapula. Migodi ilihitaji nyama, na nyama ilikuwa ghali. Wafanyabiashara Wagiriki wakajikita Kasenga, wakaleta boti na barafu, wakanunua samaki wa Luapula na Ziwa Mweru, wakapakia malori hadi Élisabethville. Samaki aliyetajwa kuliko wote alikuwa mpumbu. Huyu ana tabia moja ya hatari kwake mwenyewe: msimu wa mvua hupanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Watu wa Luapula walimvua hivyo tangu zamani, na mambo ya lini na wapi kuvua yalikuwa na wenyewe, machifu na wamiliki wa vidimbwi. Soko la migodi lilipoongeza nyavu na malori, wakamvua akiwa na mayai tumboni, mwaka baada ya mwaka. Kufikia kuanza kwa miaka ya 1950 mpumbu alikuwa amekwisha kama samaki wa biashara. Wavuvi wakageukia samaki wengine, na baadaye dagaa wadogo wanaokaushwa.

Ndani ya samaki huyo mmoja kuna mamlaka ya chifu yanayovunjika, mpaka wa Wabelgiji na Waingereza unaokatiza katikati ya mto, Mgiriki mwenye barafu, mchimbaji mwenye njaa, na mto uliochoka. Hakuna gavana hata mmoja aliyepanga yote hayo. Hapo ndipo hoja ya Kadutu_Juu inasimama: dola haikuamua kila kitu. Ilifungua njia ya pesa, na watu wakapita humo kwa sababu zao.

Na njia ilipita pande zote mbili, jambo ambalo wanafunzi wetu husahau. Mawese ya Congo yaliingia kwenye sabuni na siagi ya viwanda ya Ulaya. Mkataba wa Lever na koloni ulitiwa saini 1911. Wabelgiji walioishi huku walirudi kwao na kuku wa moambe, mchuzi wa mawese, na hadi leo familia zao huupika Jumapili kwa mawese ya mkebe. Pilipili nayo walibeba pamoja na jina lake.

---

Kipushi_Boy

Sawa, nimerudi. Na sasa hivi je? Maana Zambia wakikataza mahindi kutoka, mpaka wa Kasumbalesa unakauka na mfuko wa unga Lubumbashi unapanda kabla jua halijazama. Mbona tuna ardhi mpaka tunaitupa?

---

Jungu_Kuu

Ndiyo, reli ya 1910 bado inatulisha, ingawa siku hizi ni lori. Mji ulijengwa ukitazama kusini kwa chakula chake na haujageuza shingo. Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi Union Minière, iliendelea kugawa unga, kwa hiyo vizazi viwili au vitatu vya wanaume vilikua vikijua kwamba unga unatoka kazini. Kampuni ilipodhoofika, mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, kisha posho ikakatika, nyumba nyingi zilibaki na baba asiye na gunia. Walioinuka ni akina mama: meza ya soko, shamba nje ya mji, safari za mpakani. Elfu kumi hivi waliondolewa Gécamines kwa mpango wa 2003, na ukizunguka mitaa ya Kenya au Ruashi hapa mjini utawakuta wazee hao. Ila hiyo ni memwari nyingine, Mwana_Katuba, usiiguse. Utakufa kabla ya kufika hitimisho.

Vyanzo sasa. Hati za Union Minière ziko kwenye hifadhi ya taifa Brussels, na nyingine bado ziko kwa Gécamines hapahapa. Anza na za hapa, barua ya Unilu, chuo kikuu chetu, itakufungulia. Tafuta daftari za posho, ripoti za madaktari, na adhabu: asiyefika kazini, posho yake ilikuwaje? Wamisionari waliandika mengi juu ya chakula bila kukusudia, tangu Arnot alipofika Bunkeya kwa mfalme Msiri 1886. Kisha kuna maboyi na wapishi wa Wazungu. Wao walikuwa jikoni lenyewe, na mwaka 1965 mmoja wao, André Yav, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kwa niaba ya wenzake waliofanya kazi za nyumbani. Maprofesa wa nje waliisoma kabla yetu, jambo linaloniuma.

Na wazee wenyewe. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Unilu amekusanya kumbukumbu za watu wa kambi kwa miaka mingi, fuata njia yake. Usimuulize mzee «zamani mlikula nini». Atakujibu «bukari» na mazungumzo yamekwisha. Muulize siku ya posho nani alibeba nini, chungu kilikuwa cha nani, ni chakula gani kilifichwa mgeni akija.

---

Mwana_Katuba

Nawashukuru wakubwa. Nimeamua kuacha mahindi. Nitachukua samaki wa Kasenga hadi Élisabethville, 1920 hadi 1955. Mama_wa_Kenya, naomba ruhusa nije nikusikilize na daftari. Kinachobaki ni promota. Nikimpelekea kichwa chenye neno «samaki» atanirudisha tena.

---

Mama_wa_Kenya

Kuya mwanangu, hata posho ya mpumbu nitakuelezea, mayai yake tuligombaniaka. Kuya mangaribi, asubuhi niko ku soko.

---

Jungu_Kuu

Kichwa nitakupa mimi: «Ugavi wa chakula, mpaka wa kikoloni na nidhamu ya kazi katika Haut-Katanga». Samaki aingie kuanzia sura ya pili. Promota akifika hapo atakuwa ameshasaini.